Anayekula Yuniti

Yaka ililia usiku wa Jumanne,
mlio wa kifaranga aliyekanyagwa,
nami nikajua la kusema kabla sijaujua ukweli:
ni Naigaga. Ni lile dubwana lake la kukaushia nywele.
Nikayasema mlangoni pake, yakasikika hadi bombani,
mbele ya mteja aliyesukwa nusu, nusu bado.

Hapa Walukuba nyumba mbili zinanyonya mita moja.
Bwawa liko pale chini. Umeme unazaliwa, tunauona,
unapita juu ya mabati yetu kwenda kwa wengine,
nasi twaununua kwa tarakimu ishirini,
elfu tano, elfu tano.

Fundi Opolot akaniazima kidude:
cheupe, pini tatu, kioo kama cha saa ya mkononi.
"Mama, acha ugomvi. Chomeka, kitakusomea."

Nikachomeka.
Chaja ya simu, wati nne. Mtoto huyo.
Redio, sita, hata ikitangaza misiba.
Televisheni niliyoizima kwa mkono wangu, tisa!
Kumbe hulala jicho moja wazi, lile jekundu.
Birika: elfu moja mia nane na hamsini.
Nikaruka nyuma kama aliyeona nyoka,
ila birika hufoka likanyamaza,
chai ikishamiminwa halidai tena.

Nikavuka ua, kidude mkononi.
Naigaga hakunisalimu. Alisogeza kiti tu.
Dubwana likanguruma dakika ishirini
juu ya kichwa cha mwalimu wa nasari.
Sifuri nukta tatu saba.
Nusu yuniti haikufika.

Kilibaki kitu kimoja, nilichokuwa nakipita pembeni:
friji ya marehemu,
aliyoileta kwa toroli
wiki ile kiwanda cha nguo kilipowapunguza,
mlango wake umekazwa kwa mpira wa baiskeli.
Nikakiacha kidude pale, usiku na mchana.

Mbili nukta tatu. Kwa siku moja.

Nikafungua. Chupa ya maji, kipande cha ndimu,
na barafu nene kama godoro.
Nikazidisha kwa penseli nyuma ya kalenda,
nikazidisha tena, labda nimekosea.
Sitini na tisa kwa mwezi, miaka sita,
nalisha barafu.

"Kimesema nini?" Naigaga akauliza, hajageuka.
"Kimesema ni mimi."
Akatikisa chanuo, akapuliza nywele zilizonasa.
"Basi keti. Kichwa chako nacho kimechoka."
Nikaketi chini ya dubwana, nikalipa kamili,
masikio yakiungua.

Friji nimeichomoa. Maji yalitiririka hadi mlangoni.
Sikujua kwamba mvumo wake ndio ulionilaza;
sasa nalala saa nane, saa tisa.

Yuniti zinafika mwisho wa wiki.
Yule mteja wa Jumanne hajarudi.