Namba Sabini na Moja

Canmore, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.
Okumu kaendesha usiku kucha toka Calgary,
bendera kaifunga juu ya koti la kazini;
Nyevu kabeba sufuria na mwiko,
maana wenyeji wana kengele za ng'ombe
nasi ng'ombe wetu tuliwaacha.

Mshindi alishapita. Kavishwa medali,
kapigwa picha, kavua viatu.
Vijana wa kamati wanakunja uzio.
"Mnamngoja nani?" bibi mmoja atuuliza.
"Binti yetu," asema Nyevu,
ambaye hajamwona hata siku moja

huyo Mbeyu Chengo wa Kaloleni,
aliyeijua barafu kwanza
ndani ya gilasi ya ukwaju.

Miguu yangu imekuwa ya mtu mwingine.
Nawaza zamu ya saa nane,
nawaza hita ya gari,
kisha, kule kwenye misonobari,
kitu chekundu.
Kinaanguka.
Kinainuka.

Sijui nani alianza.
Okumu, mtu wa maneno machache,
alikuwa akipayuka Kijaluo,
Nyevu akiitikia kwa Kigiriama,
sufuria ikalia hadi ikabonyea.
Na yule bibi, kengele mkononi,
akaokota neno letu moja, "Kaza! Kaza!"
akilitamka vibaya, kwa pumzi zake zote.

Akavuka mstari, akaanguka kifudifudi.
Tukamwinua. Kope zimeshikana kwa barafu.
Akatukagua mmoja mmoja
kama msafiri anayetafuta mwenyeji wake,
macho yakatua kwenye sufuria:

"Mmepika nini?"