Herufi Moja

Fundi wa Mlango Mmoja kaushika mkono wangu
kama anayepima sangara, anaugeuza kwenye taa.
DOTO. Herufi nne, wino wa buluu
uliokwisha kuvimba kingo.

Kufuta ni leza, anasema, ni laki nne na nauli ya Dar.
Kufunika, nakutilia waridi jeusi.
Shangazi alishauri maji ya betri;
shangazi hana kovu hata moja.

"Au niongeze N mbele. Elfu tano tu.
Isomeke NDOTO."

Nacheka mpaka kiti cha plastiki kinalia.

Kwani ni jina? Kila alfajiri Mwaloni, nikianika dagaa,
Kulwa hupita na toroli:
pua ileile, mwanya uleule,
"Mwangaluka, shemeji," macho chini,
kana kwamba yeye ndiye aliyepanda meli ya Bukoba asirudi.
Uso ule nitauchorea waridi gani?

Sindano inangoja, imechovywa.
Nashusha mkono wa gauni. Naupandisha.

"Haya, N," namwambia.
"Ila isifanane na hizo nyingine.
Vinavyofanana vimenichosha."