Lakiri

Shimanzi, saa nne usiku. Feni ya dari
yazunguka kwa kusitasita, umeme umerudi nusu,
na betri ya akiba inalia kama kifaranga.
Seva kuukuu imekata roho tangu alasiri.
Barua mia nne na kumi na mbili zimekwama foleni,
moja ya mteja wa Kampala: mzigo wake bandarini
wahesabiwa faini kwa siku, nasi hatujamjibu.

Nyamvula ataka kontena.
"Kila kitu kimo ndani," asema, "posta, kichujio, funguo.
Unalishusha popote, unaliwasha, kwisha."
Amekwisha kuchagua na mfumo wa kulibeba,
toleo la mwezi huu, lang'ara kama sufuria ya harusi.
Kipya kinyemi.

Mimi namkumbuka baba,
karani wa gati nambari kumi na tatu,
kalamu sikioni, miaka ishirini na sita
akisoma lakiri asizoruhusiwa kuvunja.
Siku moja alirudi, viatu vyanuka:
"Lakiri nzima. Nambari sawa, karatasi sawa.
Mchele ndani umeota nywele."

Nani atalifungua lako, Nyamvula,
ufa utakapotangazwa Ijumaa jioni?
Aliyelifunga hatumjui hata jina.

Nataka Debiani, ile iliyopitwa na wakati kidogo,
vifurushi vyake vimeonjwa na wengi kabla yangu,
kila kimoja kina mlezi wake;
amri moja asubuhi, nyufa zimezibwa.
Haina cha kumwonyesha bosi.

"Na wewe ukiondoka?" akaniuliza.
"Ile ya zamani ulivyoisuka, nani alijua?
Imekufa na siri zake. Kutwa tunaikalia matanga."

Hapo nikanyamaza kweli.
Niliijenga mimi,
kutoka msimbo mbichi, kwa mkono, kwa kiburi,
mwaka ule nilipodhani kuandika maelezo
ni kazi ya wasiojua.

Tukapatana: vifurushi vyangu, daftari lake.
Kila amri niipigayo yeye aiandika,
saa, sababu, kwa wino wa buluu,
na nikikosea, aandika: amekosea.

Saa nane kasorobo, mlango wa ishirini na tano ukafunguka.
Barua ya kwanza nilimtumia yeye,
hatua mbili kutoka nilipoketi:
"Umekula?"

Tukangoja. Kimya.
Akaikuta kwenye taka.
Akacheka mpaka akashika meza,
kisha akavuta daftari.