Lita Sitini

Mwezi wa saba, Mabela,
mfereji wa baridi hutoa maji ya moto.
Tangi liko juu ya paa, jua limelikalia tangu alfajiri,
nasi wenyeji tumeshazoea kugeuza mambo:
twazima hita, ipoe kivulini bafuni,
kisha twaoga baridi kwa upande wa alama nyekundu.

Rayyana hakulijua hilo.
Ana miaka saba. Alichota kwenye alama ya buluu
akaijaza bahari yake.
Bahari ya chungu ni maji ya kifuu;
yake ni lita sitini, kioo cha duka la Ruwi,
changarawe za waridi na ngome ya plastiki
isiyofanana na ngome yoyote ya Oman.

Asubuhi samaki watatu wamelala ubavu.
Wa nne yuko juu, mdomo wazi,
anaibugia hewa kama mtu aliyekimbilia basi akalikosa.

"Baba, maji yana nini?"

Nani mwingine wa kuulizwa?
Mwaka wa kumi na nne huu niko kiwanda cha maji, Barka,
zamu ya usiku.
Bahari huingia kwa mabomba ya kuweza kumeza gari,
hupenya tando kwa kusukumwa, chumvi ikaachwa mlangoni
kama watu waachavyo viatu,
ikatoka upande wa pili haina ladha, haina kwao.
Twaitia chokaa kidogo, ipate mfupa.
Kisha mimi. Mimi na vali yangu.
Klorini.
Nausoma mshale, naandika namba, natia sahihi.
Mji ukiamka kupiga mswaki,
ile harufu puani mwao ni mimi.

Nikamwambia: yana dawa.
"Dawa ya nini?"
Ya kuua vijidudu, watu wasiugue.
Akamgeuza mmoja kwa ncha ya kijiko.
"Kwani huyu kijidudu?"

Hilo halina pa kutia sahihi.

Tukarudi Ruwi. Shaji, mwenye duka,
alinieleza taratibu, kwa Kiarabu cha sokoni,
jinsi maji ya mfereji yanavyochoma mashavu ya samaki.
Nikaitikia kwa kichwa, mwanafunzi mwema.
Akanipa kichupa: matone mawili, lita kumi.
Nikasoma karatasi yake, nikaona haya.
Thayosulfeti! Ndugu yake tunaye kiwandani kwa magunia,
huitapisha bahari klorini kabla haijazifikia tando,
maana tando nazo huungua.
Tando za kampuni sijazisahau hata usiku mmoja.

Sasa narudi saa moja na nusu, macho mchanga mtupu,
sijavua buti, nakinga ndoo upande wa alama nyekundu.
Matone. Kijiti cha kukorogea, cha mwiko uliovunjika.
Kijikaratasi cha kupimia: kikigeuka rangi, ngoja;
kikibaki cheupe, ngoja tu,
usiwe na haraka na roho ya mwenzio.
Pampu ndogo inatoa povu, kiyoyozi kinanguruma.
Shuwena ananipitia na kikombe cha chai:
"Usiku walipwa kutia, mchana watoa bure."
Anacheka. Nacheka.

Juzi, saa tisa za usiku, mkono ulikuwa kwenye vali
nikamkumbuka yule wa nne
(jina lake sasa ni Mhandisi; sikushauriwa).
Sikupunguza. Watu wanakunywa,
wako watoto, wako wagonjwa wa Khoula.
Niliandika namba ileile. Ila niliiandika polepole.

Leo nimeinamia ndoo, nanusa: hamna kitu.
Nimenusa kiganja changu: bado.
Nimekisugua kwa sabuni, kwa ndimu.
Bado.

Mimina wewe, mama, namwambia Rayyana,
na anapanda kibao, ulimi nje kwa umakini,
anamimina kikombe kimoja kimoja
pembeni, mbali na ngome,
asimshtue.