Mkia wa Herufi

Grudziądz, Februari. Madirisha ya kiwanda yameziba ukungu,
nami nimekaa mbele ya duara tupu,
kipenyo milimita mia sita,
kitovu nimekitia msalaba mdogo.
Duara lisilo na neno ni sahani mbele ya mwenye njaa.

Mstari nyoofu hauna taabu: unaandika, maneno yanakaa.
Lakini tao
lataka kila herufi iujue uti wake wa mgongo,
isimame kwa miguu yake penye mteremko,
kichwa ikipeleke mbali na kitovu,
kama watoto walioshikana mikono wakatazama nje.

Naandika WODOCIĄGI, maji ya mji, herufi tisa.
Nalibofya tao. Neno linashtuka, linajikunja,
mabega yanaachana, nyayo zinabanana.
Chini naliweka jina la mji, nalo herufi tisa.
Likatoka kichwa chini, miguu juu;
programu haina haya.
Nikaligeuza limwelekee msomaji,
asije akazunguka barabarani shingo upande
na tramu inakuja.

Hapo ndipo nilipoona: tisa juu, tisa chini,
na kotekote herufi ya saba ni Ą,
A yenye mkia, ile tuitamkayo kwa pua.
Juu, mkia unaning'inia kuelekea kitovu, umestarehe.
Chini, unatazama nje
na kugonga ukingo.

Bwana Lisiecki alisoma wima, funguo za gari mkononi.
"Ukate, Bogna. Nani asomaye kifuniko cha mfereji?"
Sikumjibu. Nikachapisha kwa ukubwa wake halisi,
karatasi nne na gundi,
nikashuka nazo kwa Seweryn kwenye mchanga wa kalibu.

Seweryn, miaka arobaini ya kusubu,
kidole cha shahada kimebaki nusu.
Zamani alipigilia herufi za risasi moja moja juu ya mbao,
mwinamo akiupima kwa jicho.
Aliizunguka karatasi mara mbili. Hakunisifu.
"Hapa pana pengo," akaigusa I kwa ncha ya buti.
"Mashine imewagawia wote sawa, mnene na mwembamba.
Usawa wa hivyo ni dhuluma."
Kisha akaona mkia. "Na huu?"
"Wanasema niukate."
Tanuri likanguruma peke yake kitambo.
"Baba yangu alifanya kazi bandarini Bremen.
Taipureta ya ofisi yao haikuwa na mkia.
Miaka kumi na moja barua zilikuja kwa mji usiokuwapo.
Mama alikuwa akiuongeza kwa kalamu
kabla ya kufungua bahasha."

Nikapanda ngazi.
Samaki mkunje angali mbichi,
na neno nalo, lingali mwanga tu kwenye skrini;
chuma cha kusubu hakikunjiki, huvunjika.
Nusu kipenyo ya chini nikaipunguza milimita nne.
Zile I nikazisogeza kwa mkono, digrii nusu, robo,
nyingine hata sikumbuki,
mpaka jicho likakoma kulalamika.
Nikaongeza asilimia moja kwa kila kitu,
maana chuma kikipoa hujikunyata.
Mkia nikauacha: mfupi, mnene,
usije ukaumegua mchanga.

Aprili. Kifuniko cha kwanza kiko mbele ya duka la mikate.
Jojo imeshaganda juu ya R.
Mvua ya asubuhi imejaza tumbo la kila D, la kila O,
na mkia wa chini umelala nusu majini,
haugusi ukingo. Kidogo tu, lakini haugusi.
Nimesimama pale, mwavuli umefungwa,
mpaka mama mmoja mwenye mbwa akaniuliza
nimeangusha nini.
Hapana, nikasema, natazama mkia.

Akamtazama mbwa wake.