Mchagua Jembe

Mchagua jembe si mkulima, husemwa.
Sawa. Lakini njooni Košice, ghorofa ya sita,
theluji imeziba dirisha la jikoni,
mnione siku ya tatu mbele ya kompyuta ya mama,
vitufe vyake vya mpira vimelika kama sabuni,
na shamba lenyewe ni kilobaiti arobaini na nane.
Picha ya paka wa jirani, iliyomo simuni mwangu,
haienei humo hata mkia.

Hapa jembe halikai ghalani.
Hukaa shambani, papo hapo mbegu zinapotakiwa,
na kila jembe lina tumbo.

Beisiki ilizaliwa na mashine, haidai nafasi.
Ukiwasha tu, ipo, kama mbwa mlangoni.
Ila hutembea kwa mkongojo:
niliiambia ihesabu mizinga ishirini na miwili,
nikachemsha chai, nikainywa, nikaosha kikombe.

Asembla ya kaseti ni mbio tupu,
lakini hula kilobaiti tisa kabla hujaandika neno,
na ukikosea hatua moja
haikukemei. Inazima.
Ulichopanda chote kinaondoka nayo,
nawe unaanza upya na kaseti,
dakika nne na ushei za mluzi na mikwaruzo.

Bwana Hornyák wa ghorofa ya chini anaapa kwa Fothi:
ndogo, nyepesi, ila mambo yote kinyumenyume,
kwanza namba, kisha namba, tendo mwishoni.
"Ukizoea," alisema, "hata mkate utanunua hivyo."
Nadhani yeye ameshaanza.

Mwanangu Kamil hana subira na haya.
Andika kwenye mpakato, mama,
kompaila ifanye kazi huko, huku utume mavuno tu kwa waya.
Kweli tupu. Jembe nje, shamba lote langu.
Jana usiku nilikuwa nimeshakubali.

Kisha nikafungua daftari la mama.
Kumbe hakuwa na hata moja kati ya hayo.
Penseli. Kurasa kwa kurasa za namba za mashine,
akizitafsiri mwenyewe kichwani
baada ya zamu ya usiku kiwandani mwa bia,
akifuta mpaka karatasi ikatoboka.
Pembeni, uzito wa asali, mzinga kwa mzinga,
vuli ya themanini na nane.
Ukurasa wa mwisho una kichwa: Jumla ya majira ya baridi.
Chini yake, hakuna.

Nimechukua mpakato wa Kamil, sioni haya.
Jumla nitaiandika huko.
Lakini kurasa zake naziingiza kwa kidole,
namba moja moja, kwenye vitufe vyake,
na hapa, mstari wa kumi na saba, nimekwama:
hii ni tatu au nane?
Kompaila haijui. Hornyák, na miwani yake miwili, anasema tatu.

Nami nakumbuka vibandiko vya chupa za asali kabatini,
mwaka juu ya mwaka,
na nane ya mama, ambayo upande wa kushoto
hakuwahi kuifunga.

Ni nane.