Umenoa

Stima ilipotea Kibuye saa nne asubuhi,
mashine za msasa zikanyamaza moja moja
kama wabishi walioishiwa na hoja.
Mbele yangu meza ya mvule, nusu laini,
nusu ina vinyweleo vya mbwa aliyenyeshewa.
Mwenyewe angeijia Jumamosi.
Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Fundi Kadenyeka alikuwa anatafuna njugu,
ana deni la mbao, hana subira.
Akavuta droo, akanirushia kipande cha bati.
"Si bati. Ni msumeno uliokufa.
Meno niliyakata mwenyewe."

Nikakibana kwenye jiliwa, nikapitisha tupa,
mbele tu, si mbele na nyuma kama anayesugua sufuria,
hadi ukingo ukanyooka.
Kisha kinoo na matone ya mafuta ya cherehani,
uso huu, uso ule, na ukingo wenyewe,
mpaka nikaliona jicho langu mle ndani, jembamba.

Nikadhani nimemaliza. Nikakwangua.
Kikatoa unga,
unga wa kahawia, mithili ya wimbi.
"Umenoa," akasema.

Nalijua neno hilo.
Darasa la saba, ubaoni, hesabu za sehemu,
chaki inalowa jasho mkononi.
Mwalimu akasema, *Umenoa*,
na watoto arobaini na wanane
wakacheka hadi sweta yangu ikanibana.
Tangu hapo kila niliponoa panga, shoka,
kisu cha mama cha sukuma,
darasa zima lilikuwa linacheka ndani ya jiwe.

Kadenyeka akapangusa mikono kwenye aproni,
akatoa vali ya lori, shina lake linang'aa
kama kitu kilichorambwa miaka.
"Umenoa vizuri, ndiyo maana hakikati.
Sasa yapinde."

Niyapinde? Makali niliyoyatafuta saa nzima?

"Yakisimama yanakuna tu. Leta hapa."

Akailaza vali juu ya uso wa chuma, akaivuta, mara nne, tano,
kisha akaiinamisha kidogo,
kiasi cha mtu anayesalimia asiyetaka kusimamishwa,
akaupitia ukingo kutoka kona hadi kona.
"Guza. Usifuate urefu, utajikata.
Toka ndani, nenda nje."
Macho hayakuona kitu. Kidole gumba kikaona:
ukucha,
ukucha wa mtoto wa siku moja,
umejikunja upande mmoja.

Ukingo wa pili akaniachia.
Nilikandamiza mno, ukavunjika.
Nikarudi kwenye tupa. Nikarudi kwenye kinoo.
Kadenyeka akaenda kumkwepa mwenye mbao, akarudi,
akanikuta bado kwenye kinoo.

Halafu mvule, mti wenye nyuzi zinazopishana
kama ndugu wanaogawana shamba,
ambao randa huuchana ikienda, huuchana ikirudi,
ukatulia.
Nilikipinda chuma kwa vidole gumba viwili, nikasukuma,
yakatoka maranda. Si unga. Maranda,
mepesi hivi kwamba pumzi yangu iliyapeperusha
hadi ndani ya kikombe cha chai cha jirani.
Akatukana. Sikumjibu.
Vidole vilikuwa vinaungua:
chuma kikikwangua hupata homa,
na hilo hakuna aliyeniambia.

Stima ikarudi saa tisa.
Mashine zote zikaudaka ubishi pale pale ulipokatikia.
Kadenyeka akapitisha kiganja mezani, mara moja,
akanitazama, midomo ikatamka neno ndani ya kelele.
Silabi nne.
U. Me. No. A.
Akaenda zake kutafuta njugu.

Hadi leo sijamuuliza ni lipi kati ya mawili.
Nilichomoa plagi ya mashine yangu
nikaigeukia nusu iliyobaki.